Taa ya Laurian

Taa ile ilivunjwa na mbuzi. Haikuwa ajali ya barabarani wala jiwe la lori, wala haikuwa husuda ya majirani kama mke wa Sever alivyopenda kuamini. Beberu alijiona kwenye kioo cha taa ya mbele, akadhani kuna beberu mwingine amekuja kumnyang'anya zizi. Akarudi nyuma hatua tatu, akainamisha pembe. Sever Dănciulescu alipotoka mbio na povu la kunyolea ndevu shavuni, alikuta vioo vimetapakaa kwenye majani na beberu bado anamtafuta adui yake mle ndani ya taa. Siku ya pili beberu huyo aliingia kwenye masufuria ya harusi, na hakuna aliyemlilia.

Taabu ni kwamba hiyo ilikuwa Alhamisi, na harusi ilikuwa Jumamosi.

Gari lenyewe lilikuwa la spoti, jekundu, la milango miwili, la mwaka themanini na sita. Sever alilikuta kwenye uwanja wa mtu kuku wakitagia ndani, akalifufua kwa mikono yake mwenyewe kwa miaka tisa. Ilinca, binti yake wa pekee, alikuwa darasa la pili siku lilipoburutwa hadi nyumbani. Aliingia, akakaa kwenye kiti kilichojaa manyoya, akatangaza kwamba siku ya kuolewa atakwenda kanisani na hilo na si jingine. Watoto husema mengi. Lakini Ilinca sasa alikuwa na miaka ishirini na sita, gauni lilikuwa limeshatundikwa mlangoni, na neno lake lilikuwa lilelile. Njia ya kwenda kanisani ilipenya mlima kwa mahandaki mawili marefu, na askari wa barabarani wa upande ule hawakuwa na mzaha na gari lenye jicho moja.

Sever akapiga simu kila alipojua. Wauza vyuma chakavu wa mji wote walimcheka. Mmoja alimshauri aoze binti yake mwakani. Ijumaa asubuhi ndipo alipoona tangazo la mistari miwili mtandaoni: taa moja, ya kulia, nzima, ya gari la aina ileile. Chini yake jina, Frusina, na namba ya simu.

Alifika kwa mama Frusina jua likiwa limeshajificha nyuma ya mlima, kwa gari la kuazima la shemeji yake. Kijiji kilikuwa juu sana, nyumba chache, moshi wa kuni ukitembea chini chini. Mwanamke mzee alikuwa anamngoja getini, amevaa nyeusi kuanzia kilemba hadi viatu, na alikuwa ameshaikumbatia ile taa. Ilikuwa imefungwa kwenye taulo jeupe, na juu ya taulo pamewekwa mkate wa duara na mshumaa mmoja wa nta.

Sever alitia mkono mfukoni. Mama akausukuma ule mkono taratibu.

"Iwe ya Laurian, mwanangu," alisema.

"Bogdaproste, mama," Sever akajibu.

Jibu lilimtoka kabla hajafikiri, kama linavyomtoka mtu yeyote wa pande zile anapopewa kitu kwa ajili ya marehemu. Maana yake ni Mungu awasamehe waliotangulia, na ukishalitamka umepokea. Vikongwe wa huko hutoa kila kitu kwa namna hiyo, vikombe, matofaa, soksi, hata kuku mzima, na hakuna anayekataa wala anayeuliza sana. Sever hakuuliza. Aliona tu kwamba mama ana huzuni ya zamani na mkono mwepesi wa kutoa, akamheshimu kwa yote mawili.

Ila mama naye alikuwa na maswali. Alitaka kujua taa itawashwa lini. Sever akasema leo leo. Akataka kujua itawashwa wapi, ndani au nje, na kutakuwa na nani. Sever akamweleza kuhusu banda lake na harusi ya binti. Mama alifumba macho.

"Namba yangu unayo," akasema. "Usiogope kunipigia."

Banda la Sever lilikuwa refu na jembamba, la mawe, zizi la ng'ombe enzi za babu yake. Upande mmoja kulikuwa na milango miwili mikubwa ya kuingizia gari. Upande wa pili, kwenye ukuta wa mwisho, kulikuwa na mlango mdogo wa mtu kupita. Gari lilielekeza pua kwenye ukuta huo. Nje ya milango mikubwa wanawake walikuwa wameshapanga masufuria ya harusi juu ya moto, wanafunga nyama kwenye majani ya kabichi na kusengenya ukoo wa bwana harusi. Lucreția, mkewe, alisukuma milango ile na kuitia kufuli kwa nje.

"Nafunga, baba Ilinca, hao wapwa zako wasije kuchora vidole kwenye rangi," alisema. "Ukimaliza pitia mlango mdogo. Na usichelewe, watu wanakuulizia."

"Nusu saa tu."

Kazi yenyewe ilikwenda vizuri. Alikwangua kutu kwenye fremu, akasugua waya wa ethi, ule unaofungwa kwenye bodi, kwa msasa mpaka ukang'aa, akachomeka soketi, akakaza skrubu tatu. Taa ya Laurian iliingia mahali pake kama imezaliwa pale. Kioo chake hakikuwa na mkwaruzo hata mmoja, ila kwa ndani, chini kabisa, palikuwa na jani dogo kavu la msituni lililopenyea sijui vipi. Sever aliliacha.

Ikabaki kupanga mwanga. Hiyo ni kazi ya jioni, mchana huoni kitu. Unaweka gari mita tano kutoka ukutani, unachora misalaba miwili ya chaki kwenye kimo cha taa, unaziba taa moja kwa boksi na kurekebisha nyingine, kisha unabadilisha. Kwa kuwa mlango mdogo ulipitisha mwanga wa jioni, aliufunga. Akazima balbu ya darini. Akaziba taa ya kulia, akawasha.

Taa ya kushoto iliangukia msalaba wake sawasawa.

Akahamisha boksi kushoto.

Ukutani palikuwa na mtu.

Kilikuwa kivuli, kidogo, cheusi, kimesimama karibu na mlango mdogo. Kichwa kimelalia bega. Sever akatazama kati ya gari na ukuta. Hakukuwa na kitu hapo, sakafu tu na kipande cha chaki. Akafikiri ni lile jani. Akachuchumaa, akafuta kioo kwa mkono wa shati. Kivuli cha mkono wake kikapita ukutani, kikubwa, kikapita juu ya kile kingine.

Kile kingine hakikusogea.

Akatoa boksi, taa zote mbili zikawaka. Kivuli kikapauka lakini kipo. Akaziba ya kulia. Ukuta mweupe, mtupu. Akaziba ya kushoto... kipo. Na sasa kilikuwa kikubwa kidogo.

Fundi anajua jambo hili bila kufundishwa: kivuli hukua kadiri mwenye kivuli anavyoikaribia taa.

Akazima.

Giza likaja na harufu. Petroli, na majani yaliyooza, na baridi ya alfajiri msituni. Halafu sauti. Kitu kilikuwa kinakanyaga vioo vilivyovunjika, polepole, kwa mguu mmoja unaoburuzwa. Ndani ya banda hamkuwa na vioo. Alikuwa amevizoa vyote Alhamisi.

Hatua. Kimya.

Hatua mbili.

Sever alirukia kiti cha dereva, akafunga mlango, akawasha taa. Kivuli kilikuwa kimefika nusu ya ukuta. Gizani kilikuwa kimetembea haraka kuliko kwenye mwanga. Basi kuzima hakufai.

Alimpigia Lucreția simu. Iliita mpaka ikakata. Nje spika zilikuwa zimeshafunguliwa na mpiga kinanda cha kodiani alikuwa anajaribu vidole. Akapiga honi, ndefu, kwa kiganja kizima. Nje wanawake wakashangilia. Mmoja akapaza sauti kwamba baba wa bibi harusi ameshaanza kulewa, apige tena. Harusini honi ni furaha. Alipiga mara tatu, na mara tatu zote walimjibu kwa vigelegele na vifuniko vya sufuria. Akapiga kelele mpaka koo likauma. Kodiani ikamfunika.

Mlango mdogo ulikuwa upande wa kivuli. Angeweza kurudi kinyumenyume na kuivunja ile milango mikubwa. Lakini nyuma ya milango walikaa dada zake wawili na moto na mafuta yanayochemka. Akawasha injini hivyo hivyo, angalau betri isife. Moshi ukajaa banda kwa dakika chache, macho yakamwaka, kichwa kikaanza kumzunguka. Akaizima.

Betri ilikuwa ya zamani. Mwanga ulianza kugeuka njano.

Hapo ndipo akili yake ilipokwenda kwenye lile taulo. Kikombe kikitolewa kwa ajili ya marehemu, marehemu ananywea. Shati likitolewa, anavaa. Ndivyo walivyomfundisha bibi zake wote. Na taa ikitolewa...

Akaitafuta namba ya Frusina. Mama alipokea kabla haijaita mara ya pili, akanong'ona, "Amekuja?"

"Mama, umenipa nini?"

"Amefika wapi, mwanangu?"

"Yuko hapa. Mama, yuko mbele ya gari."

Alimsikia mama akipumua. Kisha mama akaanza kusema, taratibu, kama mtu aliyelifanyia mazoezi jambo hili kwa miaka mingi. Laurian alitumbukia korongoni na gari lake miaka kumi na moja iliyopita. Taa ya kulia ilibaki inawaka usiku kucha. Watu wa ng'ambo ya bonde waliiona, wakadhani ni wachungaji. Alfajiri betri ilikwisha, na yeye alikwisha pamoja nayo. Hakuna aliyemshikia mshumaa. Pande zile hakuna kifo kibaya kuliko hicho, mtu kuondoka bila mwanga mkononi, maana hajui pa kwenda. Mama alikuwa amewasha mishumaa ya kujaza kanisa, lakini Laurian hakuiona. Yeye aliiona taa ile tu.

"Kwa nini mimi?" Sever akauliza. Alikuwa anatokwa na machozi na hasira kwa pamoja. "Kesho namwoza mwanangu."

"Ulisema bogdaproste," mama akajibu. "Mshumaa upo kwenye taulo. Mshikie. Nakuomba mimi mama yake. Usimwache betri ikaisha tena."

Simu ikakata.

Kivuli kilikuwa kimejaa ukuta. Hakikuwa na umbo tena, kilikuwa weusi tu na pembeni misalaba miwili ya chaki. Kioo cha mbele cha gari kikaanza kufanya ukungu kwa nje, alama moja ndogo, ikaja ikapotea, ikaja ikapotea. Kulikuwa na mtu anapumua pale.

Taulo lilikuwa juu ya boneti.

Sever hakuwa shujaa, na sitamsingizia. Aliomba, alitukana, alimwita mama yake mwenyewe aliyekufa zamani. Mwanga ulipofika rangi ya chai, alifikiri juu ya giza litakalofuata na nani atakuwa naye humo, akafungua mlango. Alitoka kwa magoti. Akapapasa boneti, akaupata mshumaa. Kiberiti cha gesi kilikataa mara mbili. Mara ya tatu kikakubali.

Akanyoosha mkono na mshumaa mbele ya taa, akageuza uso.

"Chukua," akanong'ona. "Chukua, nimekushikia."

Vidole vikafunga juu ya vidole vyake.

Vilikuwa na baridi ya maji ya kisima. Vyembamba. Alivisikia kimoja kimoja, vyote vitano, na kwenye kimojawapo pete ilimchoma kwenye kifundo cha dole gumba. Vilimshika kama mtu anayeogopa anavyomshika mtu. Taa ikazimika kabisa, na katika giza lote ukabaki ule mwali mmoja, na pumzi iliyokuwa inakuja kwa shida, karibu na sikio lake. Sever alianza kusema maneno ya kumsindikiza anayekata roho, yale aliyoyasikia kwa bibi yake, na alipoyasahau akaendelea na yoyote yaliyokuja. Nta ikamtiririkia mkononi. Hakuachia. Woga ulikuwa umemtoka, amebaki na huruma tu, na huruma ile ilimuuma kuliko woga.

Mshumaa ulipofika nusu, pumzi ikawa ndefu. Kisha ikawa moja. Kisha vidole vikalegea.

Mlango mdogo ulifunguka kwa kuusukuma tu. Lucreția alikuwa anakuja na sahani ya nyama, akamwuliza kwa nini ananuka msitu. Sever alisema amechoka, akala, akacheza ngoma moja na binti yake, akalala na nguo zake.

Jumamosi alitaka kuing'oa taa ile. Skrubu tatu alizozikaza mwenyewe jana zilikuwa zimeshika kutu, bisibisi ikazila vichwa. Akachaji betri. Akangoja kupambazuke vizuri ili asiguse swichi, na kabla msusi hajaja kumpamba Ilinca, alipandisha mlima na lile gari jekundu. Alikuwa ameazimia kumwambia mama Frusina kwamba kazi imekwisha, na kumwomba amwondolee lile neno la jana kichwani pake na garini mwake, ili mwanawe apande gari lisilo na deni kwa wafu.

Mama alimkalisha jikoni. Kandili ndogo ya mafuta ilikuwa inawaka chini ya picha takatifu, karibu na picha ya kijana mwenye masharubu membamba. Hakumpa hata maji.

"Alikushika?"

"Alinishika, mama."

"Kwa nguvu?"

"Kwa nguvu."

Mama aliweka viganja usoni, akalia, na kilio kikageuka kicheko katikati. "Kwa kile kimkono chake," akasema. "Maskini wangu. Ulivisikia vile vidole vyake vitatu? Viwili msumeno wa baba yake ulivichukua akiwa na miaka kumi na saba. Nilikuwa namtania, pete utaivalia wapi wewe."

Sever alitazama mkono wake mwenyewe juu ya meza. Kwenye kifundo cha dole gumba palikuwa na alama nyekundu.

"Mama," akauliza, "garini alikuwa peke yake?"

Uso wa mama ukajifunga. "Kulikuwa na binti. Walikuwa wamechumbiana wiki mbili. Watu wake walikuja wakamchukua, hawakunipa hata mkono. Huyo ana kwao, watamwashia wenyewe." Kisha akamgeukia tena, na sauti yake ikawa ndogo sana. "Basi amefika, mwanangu? Laurian wangu amefika?"

Ukweli ulikuwa mdomoni. Ulikuwa sentensi moja, kwamba vidole vilivyomshika vilikuwa vitano. Sever alimtazama yule mzee, akafikiria miaka kumi na moja, akafikiria Ilinca aliyekuwa anafungwa vifungo vya gauni saa ile, na kwamba akisema kweli hatatoka jikoni mle bila kuombwa mshumaa wa pili.

"Amefika, mama," akasema.

Frusina aliinuka. Alifungua kilemba cheusi, akakikunja vizuri, akakiweka kwenye droo, na nywele zake nyeupe zikamwangukia mabegani kama za msichana. Akasimama mbele ya kandili.

"Nilimwambia sitaizima mpaka apate yake," alisema.

Akaupuliza ule mwali. Moshi mwembamba ukapanda, ukaipita picha ya kijana.

Alimsindikiza Sever hadi mlangoni, amemshika mkono kwa shukrani. Jua lilikuwa limeshatoka na uwanja wote ulikuwa mweupe kwa mwanga. Wakasimama wote wawili kizingitini wakilitazama gari.

"Umesahau taa, mwanangu," mama akasema kwa upole. "Ile ya kulia inawaka."

"Naizima sasa hivi, mama," Sever akasema.

Akaenda akaketi kwenye kiti cha dereva, akafunga mlango, akatazama swichi. Ilikuwa imezimwa.